Mashine ya Matumbo Mawili

Mkwe wangu Pantaleo alikuwa na mashati meupe sita, na kwa ajili ya mashati hayo nusura nimzike binti yangu.

Nasema nusura. Mashati yenyewe hayakuwa na thamani ya punje moja ya rozari yangu, lakini mwenyewe alikuwa karani wa stoo pale mgodini Mwadui, na mwaka ule wa sabini na mbili karani wa stoo hakuingia kazini na kola iliyokunjamana. Angedhaniwa mchimbaji. Kwa Pantaleo, kudhaniwa mchimbaji kulikuwa kubaya kuliko kudhaniwa mwizi.

Nilitoka Ushirombo kwa basi, na kuku wawili kapuni, kuja kumuuguza binti yangu Generoza aliyejifungua mapacha, Kulwa na Doto. Walitolewa kwa kupasuliwa. Sista wa hospitali alisema mbele yetu sote: miezi mitatu asiiname, asinyanyue ndoo, asikamue nguo. Pantaleo akaitikia, "Ndiyo, Sista," kwa sauti ya mtu anayepokea komunyo.

Wiki ya tatu nikamkuta Generoza ameinamia karai, anasugua kola.

"Wewe! Sista alisemaje?"

"Nimesikia, mama. Ila kesho Jumatatu."

"Na Jumatatu imefanya nini?"

"Mashati, mama."

Mtu atauliza, na wewe bibi, mikono yako ilikuwa wapi? Ilikuwepo, mizima yote miwili. Lakini kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mkono, hawali meza moja, na mmoja akija njiani mwenzake anampisha kando. Hata wakiwa chumba kimoja wanasemeshana kupitia mtu wa tatu. Na nguo ndiyo mbaya zaidi. Vazi lililolala kwenye mwili wa mkwe wangu sikuweza kulitia mkono, wala langu kuanikwa kamba moja na lake. Nilifua nepi, nilifua mashuka ya wajukuu, vyangu nikavifua kwenye karai langu na kuvianika nyuma ya jiko. Mashati yale niliyazunguka kama mtu anavyomzunguka nyoka aliyelala.

Dobi alikuwepo mtaa wa pili. Nikamtuma Generoza kwa mumewe, aliyekuwa amekaa hatua tano kutoka kwangu anasoma gazeti. Jibu likaja likipaa juu ya kichwa cha mke wake, nami nikiitwa mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mama Kulwa, mwambie mayu, dobi yule anavunja vifungo. Na nguo zangu hazifuliwi na mtu baki."

"Generoza, mwulize baba Kulwa, yeye mwenyewe je? Wiki chache tu."

Alicheka mpaka akatoa leso. "Mwambie mayu, mwanaume akichuchumaa mbele ya karai, wenzake watamnunulia kanga!"

Jioni ile niliona doa kwenye kitenge cha Generoza, upande wa mshono. Dogo, kama sumni. Binti yangu akalikunjia ndani upesi, akadhani sijaliona. Usiku nilisali mafungu yote matano ya rozari, na katikati ya kila fungu nilimwona yule bwana na leso yake.

Nilingoja. Mimi kungoja nakujua; nimezaa saba na nimelima pamba miaka thelathini.

Haikupita wiki, Pantaleo akarudi kazini anapepea kama bendera. Wazungu watatu wa mgodini walikuwa wanarudi kwao na vitu vyao vitauzwa Jumamosi katika ukumbi, pamoja na mashine za kufulia, tatu.

"Mama Kulwa, mwambie mayu kwamba nyumba hii sasa inaingia kwenye maendeleo."

"Mwambie nimeiona inaingia," nikasema.

Jumamosi hiyo alifunga tai. Akamchukua na rafiki yake Valerian, ambaye aliwahi kushika bisibisi na tangu hapo aliitwa fundi. Generoza tukamkalisha kwenye kiti mlangoni mwa ukumbi na watoto. Mashine zilikuwa zimepangwa ukutani, kila moja na karatasi ya bei shingoni: ya rahisi, ya kati, ya ghali.

Pantaleo akazikagua kama mtu aliye mnadani anayenunua fahali. Akazipiga mbavuni. Akazifunua midomo. Valerian alimfuata nyuma akiguna, na kila alipoguna Pantaleo naye aliguna, na nina hakika hakuna hata mmoja wao aliyejua wanaguna nini.

Mimi sikwenda kwenye mashine. Nilikwenda kwa mzee aliyesimama kando yake na tambara mkononi. Wanaume wale wawili walikuwa wamempita kama kiti. Alikuwa Bujiku, mtu wa Maganzo, aliyefanya kazi ya nyumbani kwa mmoja wa Wazungu hao.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu."

"Hizi, nani alikuwa anafulia?"

Akacheka kidogo. "Mzungu alinunua. Aliyefua ni mimi, miaka tisa."

"Basi nieleze, baba. Nina binti ana mshono tumboni."

Akanieleza polepole, bila kuguna. Ile ya rahisi ilikuwa pipa lenye roli mbili za mpira juu, nguo inapitishwa katikati na mtu anazungusha mkono wa chuma ili ikamuke. "Hapo mkono wako ndio mashine, mayu. Mwenye mshono asiiguse." Ile ya ghali, yenye dirisha la kioo, ilifanya yote peke yake, ila ilitaka bomba la maji ndani ya nyumba, maji ya nguvu kutwa. "Yasipokuja inanuna, na nguo zimo ndani." Nyumba za makarani zilikuwa na umeme, lakini bomba lilikuwa uani, tena lenye kukohoa. Ile ya kati ndiyo aliyoifulia yeye. Ilikuwa na matumbo mawili. Unaijaza maji kwa mpira au kwa ndoo, tumbo kubwa linasukasuka na kufua. Kisha unazihamisha nguo kidogo kidogo kwa kijiti mpaka tumbo dogo, nalo linazizungusha mbio mpaka maji yote yatoke.

"Hakuna kuinama?"

"Hakuna kuinama wala kukamua. Kinachotakiwa ni mtu wa kusimama hapo na kuhamisha."

"Wabeja, asante sana, baba. Kesho baada ya misa upite kwetu, unywe chai."

Nilipogeuka, mkwe wangu alikuwa amepiga goti mbele ya ile ya ghali. Nilidhani anakagua. Alikuwa anajitazama kwenye kioo chake, anaweka tai sawa.

"Hii," akamwambia Valerian. "Nusu nalipa leo, nusu nakopa kazini. Mtu akipita dirishani anaiona."

"Hii ndiyo ya watu wenye cheo," Valerian akasema. "Zile nyingine ni masufuria."

Nikaona wiki mbili mbele: bomba limekauka, kioo kinang'aa, mashati sita yamekwama ndani, na mwanangu amerudi kwenye karai. Kumwambia mkwe wangu mbele ya watu kwamba hajui, mila haikuniruhusu. Na hata ingeniruhusu, kumwelimisha Pantaleo ni kama kumwagilia jiwe. Nikaenda kusimama nyuma ya kiti cha Generoza.

"Generoza, mwambie baba Kulwa ile ya kioo ni nzuri sana. Ila ina tumbo moja. Sasa nguo zake na zangu zitalala humo pamoja?"

Aliruka kama ameketi juu ya nge. Ukumbi mzima ukamwona. Akaiacha ile mashine na kioo chake, akakimbilia ile ya kati, akafunua mfuniko wa kwanza, akafunua wa pili, na uso wake ukapambazuka.

"Valerian! Njoo uone! Vyumba viwili!" Akawageukia watu waliokuwa wakinunua viti na taa. "Mnaona, jamani? Kumbe Wazungu nao wana heshima ya ukwe! Huku mwenye nyumba, huku mama mkwe!"

"Wametengeneza makusudi kabisa," Valerian akasema. "Hata ukubwa umepangwa kwa cheo."

Bujiku akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Mashine ililipiwa, na ndiyo ilikuwa ya kufaa. Mpumbavu naye humwangukia sungura bila kutupa mshale.

Jumapili baada ya misa wakaisimika jikoni. Pantaleo akachora msalaba wa chaki kwenye tumbo dogo, lijulikane kuwa langu. Generoza alikaa kwenye kigoda, akapitishiwa maneno kama kawaida.

"Mwambie mayu alete nguo zake."

Nikaleta kanga mbili na shuka. Valerian akazitumbukiza kwenye tumbo dogo, akamwaga sabuni ya unga nusu pakiti, akamwaga na ndoo ya maji. Maji yakaingia juu yakatoka chini, moja kwa moja, mpaka kwenye viatu vya Pantaleo. Wakamwaga ndoo ya pili. Sakafu ikawa jaruba la mpunga.

"Inakunywa," Valerian akasema. "Mpya huwa zinakunywa kwanza."

"Si mpya hii, wewe!"

"Basi ina kiu ya zamani. Washa."

Wakawasha. Ikanguruma, ikatetemeka, ikaanza kutembea kuelekea mlangoni, na wanaume wawili wazima wakaikumbatia huku wanapiga kelele, "Shika! Shika huko!" Ilipotulia, kanga zangu zilitoka zimekauka na kupakwa sabuni kama samaki aliyepakwa unga kabla ya kukaangwa. Kulwa akaamka akalia, Doto naye akaamka ili asipitwe.

"Tumeibiwa!" Pantaleo akasema. "Upande wa mkwe ni mbovu! Kesho inarudi."

"Kesho Jumatatu," Generoza akasema taratibu. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mshono. Mashati sita yalikuwa yanamngoja kwenye kapu.

"Jumatatu ndiyo, inarudi hivyo hivyo."

Hodi ikapigwa. Mzee Bujiku akaingia, kofia mkononi. Nikampa kikombe cha chai. Alitazama maji, akatazama ule msalaba wa chaki, akanywa kidogo.

"Bwana karani," akasema, "tumbo hili si la kufulia. Ni la kukausha. Nguo zote hufuliwa kule, halafu zote hupita huku."

"Zote?" Pantaleo akauliza.

"Zote."

Valerian akakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani, akaondoka bila hata kuitafuta bisibisi yake.

"Kumbe ni uchafu mtupu," mkwe wangu akasema, na kwa mara ya kwanza niliona usoni mwake kwamba anamwogopa mtu, na mtu huyo alikuwa mimi. "Mama Kulwa, mwambie mayu nasikitika. Hiki kitu hakiwezi kukaa nyumba yenye mkwe. Kinarudi."

Hapo ndipo nilipoweka birika chini. Nikatoa kanga zangu, nikazikung'uta sabuni, nikazitupia begani.

"Generoza, mwambie baba Kulwa asisikitike. Mimi nina karai langu, sina haja ya tumbo. Mashine ni yake na ya mkewe na ya watoto. Ila kuanzia leo, kwa kuwa mashati yake yatalala humo, mimi siisogelei. Mila inanikataza."

"Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Mwambie tena. Wewe Sista amekukataza kuinama na kunyanyua. Sasa inabaki mashine ya umeme, ina saa yake, ina swichi zake, ina mpira wa maji wa kuunganisha bombani, inaruka kama punda. Kitu kama hicho mwanamke atakiweza wapi? Kinataka mwanaume. Tena aliyesoma."

Bujiku akapaliwa na chai.

Pantaleo alisimama kwenye lile jaruba akifikiri. Niliyaona mawazo yake yakipita, moja moja, kama ng'ombe wanaopita kwenye josho. Kisha akakunja mikono ya shati.

"Hapo mayu kasema," akamwambia mke wake. "Mashine si karai. Hiki ni chombo cha kiufundi. Mzee, njoo unionyeshe swichi."

Mzee akamwonyesha. Siku ile mkwe wangu akafua mashati sita, akayahamisha kwa kijiti, akayakausha, na alipomaliza akaomba na nepi, maana chombo kilikuwa bado kina moto. Wiki iliyofuata alinunua ovaroli. Akafungua daftari la kuandika dakika: mashati dakika kumi, nepi sita, mashuka kumi na mbili. Makarani wenzake wakaja kumtazama, naye akawaeleza huku anavuta soksi zake mwenyewe kutoka majini.

"Kumbe unafua, Panta," mmoja akamchokoza.

"Nani anafua? Naendesha mtambo. Wewe unaweza?"

Yule karani akaondoka kichwa chini. Baadaye nilisikia naye anatafuta ya matumbo mawili.

Hakuna aliyemnunulia kanga. Wala mimi sikumwambia neno. Mtu akiwa amebeba mzigo wako na anadhani ni taji, unamvua kwa faida gani?

Miezi mitatu ilipotimia Sista alimpima Generoza, akasema mshono umefunga vizuri, huyu ametunzwa. Pantaleo aliyekuwepo akaitikia, "Ndiyo, Sista," na safari ile alikuwa na haki ya kuitikia, ingawa sababu yake hakuijua.

Nilirudi Ushirombo siku ya Jumamosi. Generoza alinisindikiza hadi stendi, Kulwa mgongoni, Doto kifuani, na kapu langu kichwani. Njia nzima hakushika kiuno. Mumewe alituma salamu kupitia kwake: angekuja kuniaga, lakini alikuwa na mashuka kwenye tumbo kubwa, na mtambo, alisema, hauachwi peke yake.