Majivu ya Adventina

Mzee Rugaibula wa Nshamba alikuwa na senti ishirini ya mwaka 1966, yenye picha ya ndege mbuni, ambayo haikuwahi kununua hata kiberiti. Aliishika kwa glavu tu, na ole wake aliyeisogezea kidole.

Jumamosi moja alitoka kwenda kumpokea Judica, mkusanyaji mwenzake wa sarafu kutoka Bukoba, akaiacha sarafu mezani. Mkewe Adventina akaiona ilivyofifia. Kwake yeye mgeni haonyeshwi kitu kichafu, basi akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi.

"Umeniua!" Rugaibula alifoka mlangoni, mgeni yuko nyuma yake. "Sarafu kama hii haisuguliwi! Ule weusi ndio thamani yake! Nimeitunza miaka thelathini, wewe umeimaliza kwa dakika kumi!"

Adventina alimkaribisha mgeni kiti, akamletea kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, kisha yeye mwenyewe akakaa.

Judica alicheka mpaka punje zikamtoka mdomoni. "Usilie, mzee. Mimi ninazo mbili. Moja nakupa." Akafungua kikaratasi mezani. Ndani yake mlikuwa na senti ishirini ya mwaka uleule, haijaguswa, imefifia vilevile.

Adventina akaiinamia, uso mkavu. "Jamani, na hii nayo imechafuka," akasema akinyanyuka. "Ngoja nilete majivu."

Rugaibula na Judica wakairukia sarafu kwa pamoja, kwa mikono mitupu.