Sahihi ya Siku ya Zamu ya Maji

Saa nane na nusu mchana, ikiwa imebaki saa moja na nusu mfumo wa usajili ufungwe, Mwalimu Faudhia aligundua kwamba Naserian hakuwa na Kemia.

Masomo mengine yote yalikuwepo mbele ya jina lake katika orodha ya watahiniwa wa Kidato cha Nne iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mwishoni mwa mstari palikuwa na sahihi, kuthibitisha kwamba mwenyewe amekagua na kuridhika. Binti huyo alitaka kusomea uuguzi. Bila Kemia, asingepokelewa popote.

Faudhia, aliyesimamia matangazo na usajili katika shule hiyo ya Sombetini, alimpigia simu kwao Nduruma.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Naserian, Kemia umeiacha?"

"Niiache? Madam, mimi nawachoma sindano hadi mbuzi wa baba!" Kisha sauti ikapungua. "Kwani kuna nini?"

"Jumanne ulisaini orodha?"

"Jumanne nilikuwa huku. Ilikuwa zamu yetu ya maji ya shamba. Ukiuacha mfereji, jirani anayafungulia kwake. Hata sasa nimesimama kwenye tope."

Zuleha, aliyekaa dawati moja na Naserian, alipoitwa hakungoja kuulizwa mara mbili.

"Nilimsainia mimi, madam. Tangazo lilisema asiyesaini siku ileile haingii darasani mpaka aje na mzazi. Baba yake, Mzee Lemburis, aache maji aje huku?"

"Masomo yake uliyasoma?"

"Nilitafuta jina tu."

Faudhia alilikumbuka tangazo. Aliliandika mwenyewe, akapiga mstari chini ya neno "haingii", na orodha ilipojaa sahihi kabla ya saa sita aliona fahari kidogo.

Mkuu wa shule, Mwalimu Uwesu, hakukataa kurekebisha. Alitaka kwanza barua ya maelezo. "Na jina la aliyeghushi liwemo. Bodi inakutana Ijumaa."

Zuleha, aliyesimama mlangoni pa ofisi, aliinamisha kichwa. Mwaka huo bodi ilikwisha kuwafukuza wanafunzi wawili kwa kosa la kughushi.

"Mkuu, barua haiwezi kungoja kesho?" Faudhia aliuliza.

"Mfumo utakungoja? Saa tisa na robo hiyo, mwalimu. Bila barua sigusi kitu."

Faudhia aliketi. Karatasi ya kwanza aliichana. Kulitaja jina la Zuleha kusingekuwa uongo, na hilo ndilo lililomtaabisha. Katika karatasi ya pili aliandika: "Mwanafunzi alisaini kwa niaba ya mwenzake. Tangazo nililobandika halikumwachia asiyekuwepo nafasi yoyote. Kosa la utaratibu ni langu." Akatia sahihi.

Uwesu aliisoma mara mbili. "Jina halimo."

"Langu limo."

"Hii inaingia kwenye faili lako, unajua?"

"Najua, Mkuu."

Uwesu aliitazama saa ya ukutani, akavuta muhuri. Mtandao ulikuwa mzito. Ukurasa ulizunguka, ukakwama, ukaanza upya. Saa kumi kasoro dakika sita, Kemia ikaonekana mbele ya jina la Naserian.

Zuleha alikuwa bado mlangoni. "Madam, na bodi je?"

"Sijui, mwanangu. Kampigie mwenzako kwanza."

Faudhia alibaki akiutazama ukurasa ule, asithubutu kuufunga.