Mahali Nimeshapata

Sipendi ziwa. Niseme hivyo kwanza, asije mtu akadhani nilipanda ule mtumbwi kwa hamu ya kutazama maji. Mimi ni mtu wa milimani, kwetu ni Butembo, Kongo, na maji niliyoyazoea ni ya kuchota. Nilienda mnarani kwa sababu Afande Wasswa aliniomba niende, na nilikuwa na hakika kwamba nikifika ataniomba jambo lingine.

Afande alikuwa mlinzi wa mnara wa taa. Si mnara wenye sifa. Umesimama kwenye kisiwa cha mawe mbele ya Ggaba, ufukweni mwa Kampala, ulijengwa na Waingereza enzi za meli za moshi, na siku hizi meli ni chache na taa inawaka kwa sola. Lakini lazima mtu akae pale, la sivyo betri zinaibiwa. Akishakaa wiki kadhaa anapewa siku chache za kuja mjini, na kila alipokuja mjini alikula kwangu Namuwongo, kwenye kibanda changu cha sombe, yaani kisamvu cha kwetu, na samaki. Mganda mzima, mwenye matoke ya kumtosha kila kona, anapita yote hayo anakuja kula sombe ya Wakongo. Wateja wengine walinitania. Mimi nilijifanya sisikii, nikamwongezea samaki.

Nilikuwa mpweke, tusizunguke. Mume wangu alifia vitani kwetu, na mwanangu Elie alichukuliwa Kanada pamoja na shangazi yake. Hunipigia simu Jumapili, anaongea Kifaransa cha huko haraka haraka, kisha anasema ana kazi. Jioni nikishafunga kibanda nilipika chakula cha mtu mmoja, na ukishapikia watu siku nzima, hicho chungu kidogo cha mwisho ndicho kinachochosha. Nilimtaka yule afande. Nilitaka aseme yeye, maana kwetu mwanamke hasemi.

Tuliongea Kiswahili, kwa kuwa Kiganda changu ni cha sokoni tu, na yeye Kinande hajui hata salamu. Kiswahili chake alikipata jeshini, na kilikaa kwenye ulimi wa Kiganda, r na l zikipeana zamu. Mimi nilikuwa Mama Erie. Aliniuliza habali, akaahidi kuludi, na siku sombe ilipokolea alisema ni nzuli kabisa. Nilishazoea. Neno likifika limevunjika nalitengeneza kichwani, naendelea kutia chumvi.

Basi Jumapili hiyo, baada ya ibada, alinipokea Ggaba amevaa shati lililopigwa pasi. Nami nilikuwa na kitenge kipya, sikukivaa kwa ajili ya samaki wa ziwani. Akapiga kasia mwenyewe. Tulipenya kwenye gugu maji, tukapita pembeni mwa mafunjo, kisha pakawa wazi, na ule upepo wa maji ukaniingia hadi mifupani. Kwa mbali niliona kitu kama moshi kikipanda kutoka ziwani. Nikamuuliza kama kuna mtumbwi unaungua. Akacheka, akasema ni wadudu tu, wanazaliwa kwa wingi namna hiyo na kesho yake wamekufa, na yeye huwafagia mlangoni kila asubuhi.

Kisiwa chenyewe unakizunguka kabla hujamaliza kuhema. Ndege aina ya mnandi walikuwa wamejaa juu ya mawe, weusi, wametandaza mabawa yakauke, na harufu yao ilitupokea kabla hatujashuka. Mnara ulipakwa chokaa nyeupe, lakini ndege nao walikuwa wameupaka ya kwao. Kwenye ngazi ya chini alilala kenge mkubwa. Nilirudi nyuma, sina aibu kusema. Afande akamsemesha kwa Kiganda, taratibu, na yule kenge akainuka akaondoka bila haraka, kama mpangaji wa siku nyingi.

Akanionyesha chumba chake. Kitanda kimoja kilichotandikwa kijeshi, sahani moja, jiko la mafuta. Vikombe vilikuwa viwili, na kimoja bado kilikuwa na karatasi ya dukani chini yake. Nilikiona kile kikombe na moyo ukanipiga. Alisema chai tutakunywa tukishashuka.

Tukapanda. Ngazi za chuma, nyembamba, zina kutu pembeni ila katikati zinang'aa kwa nyayo za mtu mmoja. Juu kulikuwa na taa ndani ya vioo, na nje kibaraza cha kuzunguka. Hapo ndipo nilipoiona Kampala yote, vilima vyake vimepangana, mabati yakimeta, na hakuna sauti hata moja inayotoka huko. Hakuna pikipiki, hakuna spika za kanisa. Nilizoea kudhani ule mji unanibana. Kumbe ukiutazama kutoka pale, ni mji ambao haujui kama wewe upo au hupo. Nikamuuliza anawezaje kuutazama kila jioni. Akasema mwanzoni alikuwa anahesabu mataa, siku hizi anaupa mgongo.

Chini furukombe alilia. Afande akajisafisha koo, akashika chuma cha kibaraza kwa mikono yote miwili.

"Mama Erie," akasema, "nimekuleta hapa sababu nataka tuongee mambo ya mahali."

Niwaeleze hali yangu. Siku chache kabla, akila kibandani, nilikuwa nimemlalamikia kwamba mwenye nyumba wetu ameuza kiwanja na sisi wote tunatakiwa kuhama. Kwa hiyo niliposikia mahali, nilielewa mahali. Mtu anavaa kitenge kipya, anavushwa maji, anapandishwa ngazi hadi magoti yanalia, kumbe ni kuzungumzia chumba cha kupanga. Nilikasirika. Nikataka ajue kuwa mimi si mtu wa kuhurumiwa.

"Mahali nimeshapata," nikamjibu.

"Umeshapata?"

"Kuna mzee mmoja wa Mbuya, Odyek. Amenikubali. Mwisho wa mwezi nahamia kwake."

Akakiachia kile chuma cha kibaraza. Kisha akauliza, "Na wewe umemkubali?"

"Kwa nini nisimkubali? Ananitoa kwenye matope."

Afande akageuka, akaanza kufuta kioo cha taa kwa mkono wa shati lake lililopigwa pasi, na kioo chenyewe kilikuwa safi.

"Ni vizuli," akasema. "Mimi nimechelewa."

Nami nikadhani amechelewa kunitafutia chumba. Nikamwambia asijali. Tukashuka, na chai hakuitaja tena. Alinirudisha Ggaba akipiga kasia kwa nguvu, akitazama maji, na tulipofika alinishika mkono nishuke, akaniambia nikae salama. Njiani kurudi Namuwongo nililia kwa hasira. Nilijiambia wanaume wa aina hii wapo, wanakuja kula, na kula ndiko kulikowaleta.

Nikahamia Mbuya, uani kwa Mzee Odyek na mkewe na wajukuu zao wanaopiga kelele kuanzia alfajiri. Kibanda nikakisogeza karibu na huko. Afande hakuja wala hakupiga simu. Mimi nilikaa na simu yangu na kiburi changu, mvua zikaanza, zikakatika, nami bado nimekaa navyo.

Siku moja nilikwenda Kabalagala kununua mchele kwa Fadhul. Huyu ni wa zile familia za zamani ambazo mababu zao walikuja na misafara kutoka pwani, na Kiswahili chake kimenyooka hadi unaona haya kufungua mdomo. Tulisalimiana, akapima mchele, akaniuliza mume wangu wa Mbuya hajambo. Nikamuuliza mume gani. Fadhul akaacha mizani.

Akanieleza huku akitazama pembeni. Afande alikuwa mteja wake wa mafuta ya taa. Alikuwa amemjia akimuuliza Waswahili wanaitaje kile Waganda wanachokiita omutwalo, mali anayotoa mwanamume nyumbani kwa mwanamke anayetaka kumwoa. Fadhul alimwambia aseme kwa Kiganda tu, kila Mkongo wa Kampala analijua hilo. Afande alikataa. Alisema mwanamke huyu amepoteza kwao, hataki kumposa kwa lugha ya ugenini.

"Nikamfundisha, mahari," akasema Fadhul. "Akawa anasema mahali. Namrekebisha, anasema mahali. Wateja walikuwa wananisubiri, dada. Nikamwambia inatosha, ataelewa."

Nilikaa juu ya gunia. Angesema doti, kama tunavyoiita mahari kwetu, ningeelewa. Angesema mali, ningeelewa. Hata lile la Kiganda ningelielewa. Na kama neno lingefika limevunjika, ningelitengeneza kama nilivyotengeneza mengine yote. Hili lilifika zima, likiwa neno jingine. Nami nilikuwa nimemwambia mtu yule kwamba mahari nimeshapata, kutoka kwa mzee wa Mbuya, na mwisho wa mwezi nahamia kwake.

Sikungoja kufika nyumbani. Nilisimama nyuma ya duka la Fadhul, penye masanduku ya soda, nikampigia. Iliita sana. Alipopokea nilisikia upepo na wale ndege.

"Afande, ni mimi, Mama Elie. Sikiliza. Siku ile sikupata mahari. Nilipata mahali."

"Ndiyo, Mama Erie," akasema kwa upole. "Mahali. Uliniambia."

Nikarudia. Ile r niliivuta kama mwinjilisti, na ile l nikaipigia ulimi kwenye meno. Akasema ndiyo, amesikia, mahali. Ulimi ulioyafanya yale maneno mawili kuwa moja ulikuwa na masikio yaliyo hivyo hivyo. Basi nikaona nitafute njia rahisi. Nitamwambia Odyek ni mwenye nyumba, ninamlipa kodi. Maneno hayo hata mtoto angeyaelewa, na nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Ndipo nikasikia mwanamke. Alikuwa anamwita kwa Kiganda, kutoka chini ya mnara kwa jinsi sauti yake ilivyopanda, aje kula kabla chakula hakijapoa. Hakuwa mgeni. Mgeni haiti hivyo. Afande aliziba simu, akamjibu kitu kwa sauti ya chini, na alivyomjibu ilikuwa vizuri, hata mimi nikakiri. Kisha akarudi kwangu.

"Samahani, Mama Erie. Ulikuwa unasema. Mahali yako iko namna gani?"

"Ni pazuri," nikamwambia. "Hakuna matope."