Magunia ya Namba 47

Katika ghala la mahindi lililoko Mpemba hakuna aliyemfikia Jenista kwa kompyuta, na yeye mwenyewe alihakikisha hakuna anayelisahau hilo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini Jenista alikuwa na stashahada ya takwimu kutoka Dar, na mwaka ule wa 2011 aliivaa kama kitenge kipya.

Kazi yake ilikuwa kuwanasa wakulima waongo. Msimu uliopita baadhi yao walichanganya mchanga ili gunia lipande uzito, na bosi wake, Seleman, aliapa hatapigwa tena. Basi Jenista akaingiza kwenye Excel uzito wa magunia mia tatu. Wastani ukatoka kilo mia moja, na mkengeuko, ile tofauti ya kawaida kutoka kwenye wastani, kilo tatu. Kwa kila gunia jipya alitoa wastani kwenye uzito wake, akagawanya kwa tatu, akapata z yake, yaani limesogea hatua ngapi kutoka katikati. Kisha fomula ikampa eneo lililobaki mkiani mwa ule mchoro wa kengele. Eneo likiwa dogo mno, mstari unageuka mwekundu, na mkulima anafutwa kwenye orodha ya wauzaji. Aliandika namba tu, bila majina, asije akaambiwa anapendelea. Jumatatu wakubwa walikuja, wakampigia makofi, wakaahidi kumwongezea mkataba.

Jumatano namba 47 ikawa nyekundu. Magunia sita, kila moja kilo mia na kumi na mbili. Z ikasoma nne. Kwa hesabu ile, gunia zito namna hiyo hutokea mara tatu tu katika laki moja.

"Huyu hata aibu hana," Jenista akasema. Akachapa karatasi, akaipeleka uani mwenyewe.

Namba 47 alikuwa baba yake.

Mzee Anyelwisye wa Iyula alisimama kofia mkononi mbele ya magunia ya lumbesa, yaliyojazwa mpaka yakafanya kilima na kushonewa kamba juu, ilhali wenzake wote walishona mdomo bapa. Wapakiaji walikuwa wameshayapasua kutafuta mchanga. Mahindi yalimwagika chini, meupe na makavu, bila chembe ya mchanga.

Utotoni Jenista ndiye aliyeshika kamba baba akishona lumbesa, maana wachuuzi waliokuja kununua Iyula hawakupokea gunia lisilo na kilima. Kilo zile kumi na mbili za juu alizijua kwa mikono yake, na hakuziweka kwenye fomula.

"Mchanga hakuna," Seleman alisema, akikuna kidevu. "Jenista, hesabu yako imekosea? Sema tu, tumrudishe mzee kwenye orodha."

Watu wote wakamgeukia. Baba naye alimtazama. Hakumwita mwanangu mbele za watu. Jenista akaufikiria mkataba, akayafikiria makofi ya Jumatatu. Aliona aibu kukosea mbele ya wapakiaji. Aibu gani hiyo, inayomwogopa mpakiaji na isimwogope mzazi!

"Haijakosea, bosi."

"Basi. Arobaini na saba, futa."

Baadaye alimkuta baba yake pale pale uani, amepiga magoti, anazoa mahindi kwa viganja na kuyarudisha kwenye gunia lililopasuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Jenista kuliko tusi.

"Mkutanoni walituambia tushone bapa," mzee alisema, akiendelea kuzoa. "Mama yako naye alinikumbusha. Nikamwambia, Marita, pale kwenye mizani yupo mtoto wetu. Tukipeleka gunia bapa kama wachoyo, watamcheka yeye. Basi nikaongeza."

Akainua macho.

"Hawakukucheka, lakini?"