Jumamosi za Kos

Kila Jumamosi saa nne asubuhi Mwanaasha alisimama mbele ya viti kumi na viwili, ghorofani juu ya duka la mapazia pale Mayfair, Johannesburg, akawatambulisha watu kisiwa cha Kos. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Bosi wake, Jacques, Mkongomani wa Bukavu, alikuwa ameshang'amua kuwa Waislamu wenye uwezo wao nao wanataka kupumzika, ila kabla hawajalipa nauli wanataka kujua nyama ya huko itakuwaje. Basi Mwanaasha akawaeleza. Kos ni kisiwa cha Ugiriki, kirefu, chembamba. Sehemu kubwa ni tambarare, kwa hiyo watu huzunguka kwa baiskeli, hata kina mama. Iko chemchemi ya maji moto inayoingia baharini, ukikaa penye miamba unapata joto mgongoni na baridi miguuni. Upo msikiti wa zamani, na kiko kijiji kinachoitwa Platani ambako Waislamu wapo na nyama ni halali. Na Uturuki iko hapo mbele tu, boti nusu saa. Akimaliza huja chai na sambusa, halafu maswali.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, mwaka 2019, mumewe Khatibu aliingia akakaa kiti cha nyuma.

Khatibu alikuwa ameondoka Johannesburg tangu mwezi wa nne. Kibanda chake cha kutengeneza simu kule Jeppe kilivunjwa mara mbili na vijana wasiotaka wageni, na mara ya pili walichukua mpaka mlango. Akasema basi, yamenifika hapa, akaonyesha shingo. Kos aliijua kwa mkewe. Jioni Mwanaasha alikuwa akifanyia mazoezi maneno yake jikoni huku akikoroga mchuzi, na Khatibu, anayengoja chakula, akaishika ile nusu saa. Nusu saa yenyewe ni ya boti ya watalii, yenye injini kubwa na mahali pa kununua soda. Mwanaasha hakumwambia, kwani angejuaje kama mtu anayetazama mpira anasikiliza? Mara ya mwisho alipiga simu akiwa Uturuki, tarehe tisa mwezi wa sita. Alisema anatafuta nafasi kwenye kimashua cha kuvukia Kos, akifika atapiga.

Sasa yuko hapo, anachuruzika maji. Shati la kahawia limemganda mwilini, mchanga umejaa masikioni. Mama aliyekaa jirani yake alivuta mkoba usilowe. Jacques alichungulia kutoka ofisini kwake.

"Mama Mwanaasha, ule bwana analowesha kiti. Umutandikie plastiki."

Plastiki ikatandikwa. Khatibu akapewa chai, hakunywa. Wakati wa maswali alinyoosha mkono kama mteja mwingine yeyote.

"Miavuli ya pale ufukweni, ni ya buluu na nyeupe?"

Mwanaasha alitazama kipeperushi. "Ya hoteli yetu, ndiyo. Buluu na nyeupe."

"Haya," akasema, akashusha mkono.

Watu walipoanza kutoka Mwanaasha alimfuata kwenye kile kiti na kitambaa cha kudekia, akamuuliza waziwazi, maana si mwanamke wa kuzungukazunguka.

"Khatibu, umekufa?"

"Sijui, mke wangu. Hakuna aliyeniambia."

"Kufika ulifika?"

"Nadhani. Nililala mchangani, mtu akanifunika taulo." Kisha akateremka ngazi pamoja na wateja, na chini barabarani hakuonekana.

Jambo hili lilimtesa Mwanaasha, tusidanganyane. Mwanamke akifiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi: hatoki ila kwa dharura, manukato hayagusi, wanja hapaki, nguo za mapambo zinakaa kabatini. Yeye kila Jumamosi anatakiwa kazini na mtandio mwekundu na rangi ya mdomo, ndiyo sare. Kama ni mjane, basi kila tone la manukato linaandikwa. Kama bado ni mke, kuvua mapambo ni kumchuria mumewe, na nani ajuaye, pengine uchuro huo ndio utakaommaliza huko aliko. Alikosa pa kushika. Akawa anapaka wanja jicho moja. Ofisini waliliona, wakaliacha kama lilivyo. Simu aliingia nayo hata bafuni, kwenye mfuko wa nailoni.

Alimwendea Shehe Othmani, Mtanga mwenzake, anayesomesha watoto msikitini.

"Kaja mwenyewe kwako?" aliuliza Shehe.

"Jumamosi tatu sasa, Shehe. Kalowa."

"Hatoshi. Mtu hawezi kujishuhudia kifo chake, binti yangu. Nikifungua mlango huo, kesho kila mume aliyechoka na nyumba yake atanijia hapa kujitangaza marehemu. Niletee wanaume wawili waadilifu waliomwona maiti kwa macho yao. Huna, utangoja miaka minne, ndipo tukuhesabie eda."

"Miaka minne!"

"Sheria si yangu," alisema Shehe, na kweli uso wake ulionyesha huruma. Mwanaasha alirudi nyumbani kwa miguu, akilia njia nzima, wala hakujali nani anamtazama.

Kwa Jacques alikuwa ameshaomba ruhusa mapema. Jacques hakukataa. Alisema siku atakapoletewa barua ya shehe kwamba eda ipo, Mama Mwanaasha atakaa nyumbani miezi yake minne na siku kumi na mshahara utamfuata huko huko. Lakini barua kwanza, kazi ni kazi.

Jumamosi ya tarehe kumi na mbili mwezi wa kumi, Khatibu alipoketi kwenye plastiki yake, Mwanaasha hakungoja sambusa ziishe. Aliinama kama anayemwongezea chai.

"Nani alikuwapo, Khatibu? Ulipofunikwa taulo, ulisikia nani?"

Khatibu alifikiri sana. Maji yalimtoka puani kidogo.

"Mzee mmoja na reki, anasawazisha mchanga. Mimi akanizunguka. Halafu wanaume wawili, na watoto. Mmoja akasema, eish, siku ya kwanza tu, tayari. Nikafurahi. Nikasema hawa wa Joburg, nimefika kwa watu."

Mwanaasha aliweka birika chini. Ofisi ile ilikuwa na kabati moja la chuma, na ndani yake jalada la malalamiko. Jacques alijivunia jambo moja kuliko yote: hakuna mteja aliyelalamika akakaa siku mbili bila kujibiwa. Anayejibu ni Mwanaasha, kwa maneno yale yale, anabadilisha jina na tarehe tu, na ukishajibu barua mia hata huzisomi, unatazama mwisho wanataka nini. Alifungua mwezi wa sita. Iko. Imeandikwa na Bakiri na shemeji yake Karimu, wauza matairi wa hapo hapo Mayfair, waliopeleka watoto Kos baada ya Idi. Tarehe kumi na moja, waliandika, ufukwe ulifungwa mpaka saa tatu asubuhi kwa sababu ya mtu mwenye shati la kahawia aliyekuwa amelala mchangani na hakuamka. Watoto walikaa hotelini wamevaa nguo za kuogelea, wakalia. Hili halikutajwa kwenye utambulisho.

Chini yake palibanwa jibu. Tunasikitika sana kwa usumbufu uliowapata. Mtakapokwenda tena, chakula cha jioni cha siku ya kwanza ni juu yetu. Sahihi ilikuwa yake, Mwanaasha, na kikaragosi cha tabasamu ambacho Jacques alisema wateja wanakipenda.

Aliyasoma mara mbili. Halafu akarudi kuchukua vikombe.

Juma zima lililofuata lilikwenda kuwatafuta Bakiri na Karimu, mara wako Midrand, mara wamekwenda mnadani. Waliletwa mbele ya Shehe Othmani Jumamosi, baada ya swala ya alasiri. Hawakukana lolote. Walikuwa watu wazuri, tena wa safu ya kwanza msikitini. Bakiri alilia hata akashindwa kusema, ikabidi Karimu amalizie.

"Tungejua ni wa kwetu, Shehe, wallahi tungemswalia."

"Mlidhani ni wa nani?" aliuliza Mwanaasha.

Shehe aliutolea ushahidi hukumu palepale: Khatibu ni marehemu, na Mwanaasha ni mjane wake. Mwanaasha akasema alhamdulillahi, akashangaa mwenyewe jinsi kifua kilivyomshuka. Alishaanza kuivua bangili. Shehe akamwonyesha mkono, subiri, akaanza kuhesabu kwenye vidole.

"Amekufa mfunguo mosi, mwezi ule wa Idi, tarehe saba. Pili, tatu, nne, mfunguo tano. Ongeza siku kumi." Alirudia tena, taratibu. "Binti yangu, eda yako imekwisha juzi Alhamisi."

"Imekwishaje, Shehe? Sijaikaa."

"Hesabu huanzia kifo, haianzii habari. Siku zimepita na wewe hujui, zimepita. Huna dhambi. Uko huru."

Aliiandika hivyo kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri, akapiga mhuri wa madrasa. Mwanaasha akampelekea Jacques. Jacques aliisoma amesimama, akavua miwani.

"Pole sana, Mama. Roho inaniuma, kabisa. Lakini barua inasema imeisha. Ruhusa nitakupa ya nini?" Akamwagiza mtu wa duka la chini amletee Mwanaasha soda baridi.

Jumamosi iliyofuata viti vyote kumi na viwili vilijaa, watu walikuwa wameanza kupanga likizo za mwaka ujao. Khatibu alikuta plastiki yake imetandikwa. Mwanaasha alimwendea kabla ya kuanza, akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mgonjwa majibu ya vipimo.

"Umekufa, Khatibu. Tarehe kumi na moja mwezi wa sita. Ina mashahidi."

"Kumbe. Basi nilifika."

"Ulifika."

"Na eda, mke wangu?"

"Imekwisha."

"Umeikaa wapi?"

"Hapa," alisema Mwanaasha. "Jumamosi kumi na nane. Nimesimama pale, nikiwaeleza watu Kos."

Khatibu aliitazama picha kubwa ya Kos iliyokuwa ukutani, akatazama mtandio mwekundu. Akamwomba radhi, naye akampa. Kisha akainuka, akampisha mama mmoja aliyekosa pa kukaa, akateremka ngazi.

Mama yule alipangusa kiti kwa leso, akaketi. Alikuwa na wajukuu wanne na alitaka kuwa na hakika kabla ya kuandikisha. Aliuliza kama ufukwe wa hoteli ni safi.

Mwanaasha alisema ndiyo, ni safi sana, husafishwa kila asubuhi kabla wageni hawajashuka.