Eliseo wa Rangi za Maji

Alhamisi moja asubuhi Nereida Cantú aliegesha gari nyuma ya shule ya msingi ya Palo Blanco, akashusha kikapu cha kuwekea nguo chafu kilichojaa vitabu, akakiegemeza kiunoni kama mtu aliyebeba mtoto. Vitabu vilikuwa vyake mwenyewe, maneno na picha. Kila ukurasa ulikuwa na Kiingereza juu na Kihispania chini, na vyote vilihusu mambo ya moyo: hasira, wivu, woga wa giza, rafiki aliyehama. Watu wa mji ule, ulioko Texas kando kabisa ya mto wa mpakani, walivinunua wakati wa Krismasi na kuviganga kwa gundi vilipochanika.

Siku ile, maktabani, alisoma kile cha punda mwenye donge kooni na rafiki yake kuku, ambaye hakumwambia anyamaze, alikuja tu akatua kando yake. Nereida alisoma mistari ya juu, na mtoto aliyetaka akasoma ya chini. Walipofika penye donge, aliyeinua mkono alikuwa Yaretzi wa darasa la kwanza. Mtoto huyu hakuwa amesema neno shuleni tangu askari wa mpaka walipomkamata baba yake kwenye shamba la machungwa, wakamvusha daraja na kumwacha Meksiko. Alisoma polepole, kama aliyemeza kokwa. Alipomaliza, punda akatoka kitabuni.

Alitanguliza kwato za mbele, rangi bado mbichi, akaacha alama za kijivu kwenye zulia. Watoto wakasogea kumpisha. Mwalimu akafungua dirisha kwa sababu ya harufu ya rangi. Punda akalala kando ya Yaretzi, naye Yaretzi akamwegemea, akalia mpaka kengele ya chakula. Mkuu wa shule alisema mnyama haruhusiwi maktabani bila cheti cha chanjo, kwa hiyo mchana Nereida alimpeleka punda kwa daktari wa mifugo, akachanjwa, akapewa cheti.

Jumamosi Yaretzi alikuja nyumbani kwa Nereida pamoja na punda na mama yake, Obdulia. Obdulia alileta tamale za moto, unga wa mahindi na nyama uliofungwa na kupikwa ndani ya maganda ya mahindi. Hakuwa mtu wa kuomba. Alizungumzia joto, akazungumzia bei ya mayai, akageukia tena joto, mpaka mtoto akachoka kungoja.

“Bi Nereida, punda ni mzuri,” akasema. “Sasa mchore baba.”

Obdulia akamwambia awe na adabu. Nereida akauliza huyo baba, Eliseo, anafananaje.

“Ana pengo hapa. Akicheka analiziba kwa mkono.”

Nereida hakuwa na mazoea ya kuchora watu wazima. Vitabu vyake vilijaa wanyama kwa sababu wanyama hawanuni wakiona walivyochorwa. Hata hivyo aliondoa kila kitu mezani akaanza. Alitupa mchoro wa Eliseo mwenye mabega membamba, akatupa mwingine aliyefanana na padri. Obdulia alipita kila alipotoka kazini, mikono ikinukia machungwa aliyokuwa akipakia masandukuni, akasimama nyuma yake na kusahihisha.

“Nyusi hizo si zake. Hizo za kaka yake, yule mlevi.”

Nereida akazifuta. Ilichukua sehemu kubwa ya majira ya baridi, lakini hatimaye alikuwepo katika kitabu kipya: Eliseo akiwa mlangoni, mkono mdomoni, na maneno ya kurudi nyumbani juu yake na chini yake.

Yaretzi aliusoma ukurasa ule jikoni kwao, juu kisha chini. Eliseo akatoka, akainama asigonge taa, akaenda kunawa mikono. Obdulia aliangalia pengo, akaongeza sahani. Mume wake alikula maharage na tortilla, zile chapati za mahindi, akasifu pilipili, kisha akamsuka mwanawe nywele, akamsuka vibaya kama zamani. Mikono ya shati lake ilikuwa na unyevu. Zaidi ya hapo alitofautiana na Eliseo wa kwanza kwa jambo moja tu. Yule, baada ya miaka yote ya kuchuma machungwa ya wenyewe, Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu na kumwitikia bosi. Huyu alizisema lugha zote mbili sawasawa.

Askari walifika kabla kahawa haijachemka. Walikuwa wawili, wapole, wakajifuta viatu mlangoni.

“Karatasi zako?” mmoja akauliza.

“Nimetoka kwenye karatasi,” Eliseo akajibu, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko cha muulizaji.

Askari akaomba kitabu, akafunua, akakuta ukurasa umebaki mweupe katikati.

“Hii haina mhuri, mzee,” akasema, akamrudishia Yaretzi kwa mikono miwili.

Darajani kulikuwa na manyunyu, wakamfunika turubai asichuje. Punda aliwafuata, akavuka pamoja nao, na jioni akarudi peke yake. Hakuna aliyemzuia kwenda wala kurudi. Cheti chake kilikuwa sawa.

Ng'ambo, Eliseo wa kwanza alimpokea wa pili na kumpa nusu ya kitanda. Wakapanga kwamba huyu atafua na yule atapika. Wa pili akawa anamfundisha mwenziwe Kiingereza. Yaretzi akipiga simu walipokezana, na mama yake alijifunza kuwatofautisha kwa namna walivyopumua.

Baada ya muda Obdulia alikwenda kwa Nereida na kumwambia sasa basi, mtoto hawezi kunyang'anywa baba kila mara. Nereida alikubali. Usingizi ulikuwa umemkimbia. Alijiona ameumba mtu mzima kwa ajili ya kufukuzwa tu. Alikuwa ameshaanza kufunga visanduku vya rangi Yaretzi alipoingia kutoka uani, alikokuwa akimpa punda maji.

“Mchore tena,” akasema.

“Mwanangu, watamchukua tena.”

“Najua. Lakini mara ile alikula, na akanisuka. Safari hii nataka anifundishe baiskeli.”

Obdulia akavuta kiti, akakaa karibu na meza.

“Basi mpe viatu vya kukimbilia,” akamwambia Nereida.

Eliseo wa tatu alisomwa barazani, asubuhi ya jua kali ili rangi ikauke upesi. Hakuuliza chakula. Alishika kiti cha baiskeli, Yaretzi akapanda, wakaanza. Mtoto alianguka mbele ya kanisa, akaanguka tena penye kinyozi, akachunika goti, akapanda. Majirani walisogeza magari yao pembeni. Obdulia alisimama njiani na kitambaa cha jikoni begani, akihesabu kimoyomoyo muda uliobaki.

Gari la askari lilipoingia mtaani, Eliseo aliliona, akaendelea kukimbia. Alimwambia mwanawe atazame mbele, asitazame gurudumu. Askari walipunguza mwendo, wakawafuata nyuma, wakangoja. Mwisho wa mtaa Eliseo aliachia kiti. Yaretzi akaendelea, akayumba, akanyooka, akakata kona bila kuanguka.

Eliseo alikuwa anahema, mkono mdomoni. Askari wakamfungulia mlango wa nyuma, naye akainamisha kichwa, akaingia.

Nyumbani kwake, Nereida alikuwa amekwisha kubadilisha maji ya brashi na kutandaza karatasi mpya mezani.