Waliowekwa Uani

Dada Mkubwa alikuwa amesimama ndani ya udongo hadi vifundoni, akiukanyaga pamoja na makapi ili usije ukapasuka ukikauka. Udongo ukikandwa kwa hasira huingiza hewa, na hewa ikinaswa ndani hutafuta pa kutokea, hata kama ni kwa kupasua tumbo la sanamu mbele ya mteja. Kwa hiyo alikanyaga polepole. Hasira yake aliiweka kooni, ilikozoea kukaa.

Mlangoni, mdogo wake alikuwa amekalia kiti cha Baba akipokea sifa.

"Fundi Macho, mwaka huu tutengenezee mwenye macho ya huruma," mteja mmoja alimwambia. "Mwaka jana alinitazama mpaka nikalipa madeni yote."

"Huruma itakuwepo," alisema Fundi Macho. "Wewe leta begi la kubebea."

Ilikuwa imekaribia sikukuu ya Ganesha, mwenye kichwa cha tembo na tumbo la mtu aliyeshiba, ambaye huja mara moja kwa mwaka kuwaondolea watu vikwazo. Huja kwa udongo, huondoka kwa maji. Watu humfinyanga, humkaribisha nyumbani kama mgeni, humpa maua na vitu vitamu, kisha humpeleka bwawani akayeyuke. Baba aliwaeleza wanawe maana yake tangu wakiwa wadogo. "Mgeni huyu haondoki mikono mitupu," alisema. "Anachukua kilichokuzuia, anakwenda nacho." Kisha aliongeza, kwa sauti ya chini kidogo, "Ila msisahau, anayeondoa vikwazo ndiye huyo huyo anayeviweka."

Katika karakana yao kazi ziligawanywa hivi: Dada Mkubwa alikanda, alifinyanga, aliziba nyufa kwa uji wa udongo. Mdogo wake alipaka macho. Macho ni kazi ya mwisho na ndiyo kazi yenye jina, kwa maana sanamu isiyo na macho ni udongo tu, hata iwe na mkonga wa namna gani. Mtaa mzima ulimjua Fundi Macho. Dada Mkubwa walimwita dada, kama wanavyoitwa madada wote duniani.

Mambo yalivyokuwa hasa ni kwamba mkono wa Fundi Macho ulitetemeka. Ulianza siku Baba alipomwazima brashi ya macho, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume, na haukutulia tena. Basi kila Baba alipojilaza mchana, Dada Mkubwa aliichukua brashi nyuma ya pazia, akapaka jicho moja, akapaka la pili, akairudisha ikiwa bado mbichi. Mdogo wake alijipaka rangi nyeusi kidoleni kabla ya kutoka nje.

"Na cha pili," dada yake alimwambia. "Fundi gani anachafuka kidole kimoja?"

"Dada, bwana." Akapaka cha pili.

Mwaka huo Baba alitangaza kwamba siku ya bwawani, mbele ya watu wote, ataikabidhi brashi na ufunguo wa karakana moja kwa moja. "Kwa mwenye mkono," alisema, na hakuongeza neno. Dada Mkubwa alilala na maneno hayo kama mtu anavyolala na mtoto mchanga, akiogopa kujigeuza.

Sanamu kubwa iliwekwa kwenye banda la mtaa, na miguuni pake panya wa udongo, ambaye ndiye kipando chake na ndiye tarishi wake. Mwenye ombi humnong'oneza panya katika sikio la kulia, akiziba la kushoto kwa kidole. Usipoliziba, ombi hutokea upande wa pili na kupotea kama upepo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo wote waliinama. Alianza fundi, kwa heshima ya kazi yake. Akafuata Baba, wakafuata wazee, wakafuata wenye maduka, kisha watu wengine. Waliokanyaga udongo walikuwa mwisho, kwa sababu ya miguu yao. Na panya, kama kila mtu alivyojua, ana masikio mawili lakini njia moja. Maombi mawili yakigongana, lililotangulia ndilo hupita.

Zamu yake ilipofika, Dada Mkubwa alipiga magoti. Sikio lile alilifinyanga mwenyewe. Alisema alichosema, upesi, bila kumeza mate.

Asubuhi yake aliamka yuko nje. Kitanda chake kilikuwa uani, nyuma ya karakana, na shuka limetandikwa vizuri kuliko yeye alivyozoea kulitandika. Kando yake kulikuwa na mlango uliokwama wa muuza sabuni, jiwe kubwa la njia panda, na kabati ambalo halikuwahi kupita kwenye ngazi za mtu yeyote. Juu ya kiti, na mkoba mapajani, alikaa mama mkwe wa mshonaji wa jirani.

"Karibu," alisema Mama Mkwe. "Wewe umeondolewa na nani?"

"Sijaondolewa. Nimelala vibaya."

"Hata mimi mwaka juzi nilisema hivyo."

Dada Mkubwa aliinuka, akaenda kwenye mlango wa karakana, akavuka kizingiti, akajikuta amekaa kitandani. Alijaribu kwa kukimbia. Alijaribu kinyumenyume. Kila mara alirudishwa bila kusukumwa, bila kuumia, kama mama anavyomrudisha mtoto mkekani.

"Pumzika, mwanangu," alisema Mama Mkwe. "Kikwazo hakina haraka. Sisi kazi yetu ni kukaa."

"Lazima nilisahau kuziba sikio. Ombi langu limenirudia mwenyewe."

"Huenda. Au kuna aliyekutangulia."

Alitaka kumjibu, lakini mguu wake uligusa kitu kwenye majani. Ilikuwa miwani ya Baba, ile yenye uzi mahali pa skrubu. Aliipitisha kwenye dirisha la karakana. Baba aliigeuza mkononi, akaitazama kwa upole.

"Hii si yangu, mwanangu."

"Baba, uzi huu nilikufungia mimi."

"Umeufunga vizuri. Lakini mimi naona kila kitu sawasawa." Akamrudishia.

Siku zilizofuata alikaa dirishani. Alimwona mdogo wake akinywa kwa kikombe chake yeye, chenye mpasuko anaoujua kwa ulimi. Alimwona Baba akimwekea mkono begani, mkono ambao yeye mara ya mwisho aliuhisi alipokuwa na homa, tena ulikuja kupima joto tu. Aliwasikia watu wakisema "fundi, fundi", na kila mara neno hilo lilimpita mwilini kama sindano inayotafuta tundu la kifungo. Aliionea wivu hata aproni yake kuukuu, iliyokuwa imetundikwa ndani, kivulini, karibu na brashi.

"Utajila," alisema Mama Mkwe. "Ukishajila, nani atakuja kukuchukua?"

"Nani anakuja kukuchukua wewe?"

"Mkwe wangu. Watoto wakianza kulala bila kuoga, atakumbuka faida yangu."

Kisha mvua ikanyesha, na paa la banda la mtaa likavuja tone kwa tone juu ya jicho la kushoto la sanamu kubwa. Rangi ilishuka hadi kwenye mkonga. Ganesha alionekana kama aliyelia upande mmoja. Siku ya bwawani ilikuwa kesho yake, na watu hawampeleki mgeni safari akiwa analia.

Fundi Macho alikuja dirishani. Vidole vyake vyote kumi vilikuwa vyeusi.

"Dada. Jicho."

"Wewe ndiye Fundi Macho. Kapake."

"Nimejaribu. Limekuwa kama shimo la panya."

"Basi uje uvuke huku na sanamu mgongoni, maana mimi sivuki."

Alisimama pale akitafuna mdomo, kisha akapitisha brashi na kopo la rangi dirishani, akaondoka bila kusema ameviacha kwa nani.

Mchana, mtaa ulipokuwa umelala, Ganesha aliinuka bandani akaja mwenyewe. Alitembea kwa uangalifu, kwa sababu udongo haupendi kukunjwa magoti. Mbwa wa muuza sabuni alimpisha. Aliingia uani, akakaa chini mbele ya kitanda, akainamisha kichwa kama mtu aliyekuja kunyolewa.

"Msogezee kivuli," alisema Mama Mkwe, "rangi isikauke haraka."

Dada Mkubwa alishika brashi. Alikuwa amelipanga jambo hilo tangu dirishani. Angelipaka jicho hilo makengeza, kidogo tu, kiasi cha mtaa mzima kuangua kicheko bwawani, na Baba asikie kicheko hicho brashi ikiwa bado mkononi mwake. Aliuona uso wa mdogo wake ukishuka, akaufurahia, akaurudia tena kama mtu anayelamba sahani. Kisha akaiweka ncha ya brashi kwenye udongo, na mkono ukakataa. Aliuamuru. Ukamkatalia. Mkono ule haukujua kukosea, haukuwahi kufundishwa, na siku ile haikuwa siku ya kuanza. Ulizungusha mboni, ukaacha nukta ya mwanga mahali pake, ukanyanyuka.

Jicho lilimtazama. Halikumlaumu wala halikumshukuru. Ganesha akainuka, akajipangusa majani, akarudi bandani.

"Mkono wako una kiburi kuliko wewe," alisema Mama Mkwe.

"Nyamaza, mama."

Kesho yake mtaa ulimsindikiza mgeni kwa ngoma na maua. Siku hiyo moja vitu vilivyoondolewa havikatazwi kufuata nyuma, mradi visipite mbele, kwa hiyo Dada Mkubwa na Mama Mkwe walitembea mwisho kabisa, wakila vumbi. Bwawani waliwekwa ng'ambo ya pili. Kutoka pale waliona vizuri.

"Fundi," mteja mmoja alisema kwa sauti, "jicho la kushoto mwaka huu linamwona mtu hadi moyoni."

"Tunajitahidi," alisema Fundi Macho.

Walimshusha Ganesha majini. Alilainika miguu kwanza, kisha tumbo, kisha mkonga. Panya aliyeyuka baadaye kidogo, kama kawaida, na sikio lake la kulia lilipofunguka maombi yalianza kupanda juu kwa viputo, kila kimoja na sauti ya mwenyewe, kwa mpangilio wa foleni. Ni desturi watu kukohoa wakati huo. Wakakohoa.

"Mwondoe dada yangu njiani," kilisema kiputo cha kwanza kwa sauti ya Fundi Macho. "Watu wakiuona mkono wake, wangu wataupa jina gani?"

"Najua macho haya anayapaka nani," kilisema cha pili, kwa sauti ya Baba. "Kujua huku kunanizuia kumpa mwanangu brashi. Niondolee."

Dada Mkubwa aliigusa miwani mfukoni.

"Mama mkwe, miezi mitatu tu," kilisema kiputo kingine.

"Mwaka juzi aliomba sita," alisema Mama Mkwe. "Ananizoea."

Vikapanda vingine, vya milango, vya mawe, vya makabati. Cha mwisho kilichelewa sana, na watu walikuwa wamechoka kukohoa, kwa hiyo kilisikika bwawa zima. "Mwondoe mdogo wangu. Mkono wake uvunjike, apotee, sijali. Brashi ni yangu." Kikapasuka.

Mdogo wake alitazama vidole vyake. Mtu mmoja aliuliza kama mvua itarudi.

"Ile sauti ya pili," alisema Baba, "inafanana na yangu." Alifikiri kidogo, akaona haimhusu. Kisha akatoa brashi na ufunguo. "Kwa mwenye mkono," alisema, akampa mwanawe wa kiume, na macho yake yalikuwa maangavu kama ya mtoto. Angekuwa anadanganya, Dada Mkubwa angejua la kumfanya. Lakini Baba alikuwa akisema kweli yote aliyokuwa nayo, na nusu ya pili ya kweli hiyo ilikuwa mfukoni mwa binti yake, imefungwa kwa uzi.

Watu walipiga makofi. Asiyekuwepo na lake halipo, na yeye alikuwa ng'ambo.

Baada ya sikukuu, wenye vitu walikuja uani mmoja mmoja. Muuza sabuni alichukua mlango, kwa sababu nyumba bila mlango inaingiza paka. Mshonaji alimfuata mama mkwe wake akiwa na watoto wawili wachafu. Jiwe na kabati vilibaki. Dada Mkubwa naye alibaki, na kwa vile alikuwa palepale, walimletea udongo. Alikanda uani, akafinyanga uani, na sanamu zilizokaushwa ndani zilimjia dirishani zikiwa hazina macho na kurudi zikiwa nayo. Alipokuwa akipaka alivaa miwani ya Baba. Haikumwonyesha jambo lolote alilokuwa halijui.

Mwaka ukageuka. Alifinyanga panya mpya, akamlainisha mgongo, akachimba masikio kwa kidole kidogo. Kabla udongo haujashika aliziba sikio la kushoto, akainama kwenye la kulia, kwa kuwa safari hii hakuwa na foleni mbele yake. Akaomba ombi lile lile, neno kwa neno.

"Umemaliza?" mdogo wake aliuliza dirishani.

"Nimemaliza. Mshike tumbo, mkia bado mbichi."

Fundi Macho alimpokea kwa mikono miwili na kugeuka. Kisha, akidhani pazia la dirisha limeshuka, alimziba panya sikio la kushoto, akamwinamia.

Dada Mkubwa alimtazama hadi alipomaliza. Kisha akasogeza kitanda chake karibu na kabati, mahali ambapo jua la asubuhi huchelewa kufika, pakabaki nafasi ya kitanda cha pili.